Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mbeya

Ndugu wanachama, wazee wenzangu tuliopigana Vita vya Kagera, akina mama wajane na watoto wa marehemu, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vilifanyika, wagonjwa wa Uyole na Mbalizi tuliwaona, misiba tulizika, na Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tuliadhimisha.

Sasa lile suala la mchele. Mtia nia mmoja, anayetaka kugombea uchaguzi, alitaka kutugawia mchele na vitenge mbele ya kamera. Nilikataa, na kamati ikaniunga mkono. Nasikia inasemwa nimewanyima wajane chakula. Mchele ule ungetuziba midomo. Badala yake niliandika barua kwa mbunge, nikaipeleka mwenyewe kwa nauli yangu, tukimwomba aulize bungeni: majeruhi na wajane wa vita vile, hasa wa wanamgambo, wanahudumiwa kwa utaratibu gani?

Mwalimu alipotangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba sababu, nia na uwezo tunavyo, hatukuuliza malipo. Baada ya vita nchi ikaambiwa ifunge mkanda miezi 18. Wapo kati yetu ambao hawajaufungua mpaka leo. Mwenzetu wa Ilemi ana kipande cha chuma pajani tangu mapigano ya Masaka, Uganda. Mama mmoja wa Uyole amebaki na namba ya jeshi ya mumewe tu, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya picha ya pasipoti. Ofisini aliambiwa alete nyaraka kamili. Kilo 5 za mchele zingemsaidia nini? Na wajane wapya wapo: Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa.

Wanaodai nimeingiza siasa niwaambie: kumuuliza mbunge ndiyo haki ya aliyempigia kura.

Jibu halijaja. Nilipoitisha kikao cha kulifuatilia, kati ya wanachama 96 walifika 17. Inauma. Ada ni shilingi 1,000 tu kwa mwezi, lakini malimbikizo yamepita 600,000. Tulikusanya 540,000, tukatumia 505,000, zaidi kwenye misiba.

Mwakani, Mungu akijalia, tutalifuatilia suala hili hadi Dodoma na kuweka kumbukumbu za marehemu wote mahali pamoja. Mwenye picha, kitabu cha jeshi au barua ya zamani amwone katibu leo, kabla ya kuondoka.