Mkojo wa baba haukuwa wa uzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tulioacha wazazi visiwani. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Baba yupo Ukerewe, ana miaka 76.

Kwa miezi mingi suruali yake haikukauka. Usiku aliamka mara tano, sita, na kila akienda ni matone tu. Tukasema uzee, mama akamtandikia nailoni. Zahanati walimpa dawa za UTI mara tatu, asimguse mtu tumbo. Nilipomgusa mimi, chini ya kitovu nilikuta kitu kigumu kama embe dodo. Kumbe kibofu kimejaa mpaka kinafurika, na yale matone ndiyo yaliyokuwa yakimwagika.

Alipoanza kutapika na kusinzia mchana kutwa tukampandisha meli Nansio. Mwanza altrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimevimba: tezi dume imebana njia, mkojo umerudi juu. Kreatinini nayo, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa imepanda. Walipomwekea mpira wa kutolea mkojo zilitoka lita moja na nusu, nimeziona mwenyewe kwenye mfuko. Usiku ule mkojo uliendelea kutoka kwa wingi hadi nikaogopa, lakini wauguzi waliupima kila saa na kumwongezea maji kwa dripu.

Daktari alinieleza kwamba kizuizi kikiwa juu ya kibofu, mathalani jiwe, au saratani ya shingo ya kizazi kwa kina mama, mpira wa chini hausaidii; hapo hupitisha mrija kwa ndani, au hutoboa ubavuni kuufikisha kwenye figo. Ikicheleweshwa, figo hufa hata njia ikizibuliwa.

Sasa lalamiko langu. Baba alirudishwa nyumbani na mpira, asubiri upasuaji wa tezi. Karatasi yake iliandikwa dawa tu, tarehe ya kubadilisha mpira hakuna. Wiki ya saba ukaziba, saa nane usiku, meli hadi asubuhi. Mzee analia kama mtoto, nami niko Kirumba na simu sikioni! Jamani, tarehe ile iandikwe kwa kalamu nzito, na zahanati za visiwani ziwekewe mipira na mtu anayejua kuibadilisha.

Upasuaji ulifanyika mwezi uliopita. Baba anakojoa mwenyewe. Kreatinini imeshuka ila haijafika kawaida, hivyo nauli ya meli ya kwenda kupima naitenga kwenye kila gunia ninalouza.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza