Ulizeni lifti kwanza

Mhariri,

Wanaopanga kupeleka familia Istanbul likizo hii wasidanganywe na picha za vitanda vyenye maua. Mimi nilitoka Lamu na watoto watatu na mamangu, mwenye magoti mabovu. Hoteli ilikuwa mtaa wa Sultanahmet, karibu na Msikiti wa Buluu, kweli, lakini chumba ghorofa ya nne na lifti hakuna! (Najua, nyumba zetu nazo zina ngazi, ila si za ghorofa nne.) Mama alipanda akipiga istighfari kila kidato. Na tazameni tiketi: viwanja vikubwa vya ndege ni viwili, na Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bosporus. Mjini, tramu ya njia ya T1 ilitufaa. Chai yao lakini haina hata iliki.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu