Mwanangu, faili lako hapa ni tupu

Mwanangu,

Umeniuliza kama mikopo uliyolipa kwa wakati huko Mombasa itakufaa ukirudi Columbus, huku Marekani. Kwa kawaida haitakufaa. TransUnion, shirika linaloweka kumbukumbu za mikopo ya watu, liko Nairobi na liko Chicago, jina ni lilelile, lakini mafaili hayasemezani. Sifa njema ya miaka tisa itabaki hukohuko ilikojengwa.

Kwetu asiyedaiwa na mtu ndiye muaminifu. Hapa asiyedaiwa ni mgeni. Mwenye nyumba, muuza magari, hata kampuni ya simu, wote watataka kuona umewahi kukopa na ukalipa. Wasipoona kitu watakudai amana kubwa zaidi, au mtu wa kukudhamini.

Kabla hujaomba chochote, tazama kilichosalia. Uliondoka na kadi ya mkopo ya wanafunzi ambayo baadaye ilifungwa. Akaunti iliyofungwa bila deni inaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 10, kwa hiyo huenda bado imo. Lakini haitakupa alama, yaani namba inayopima ulivyo mlipaji. FICO, kampuni inayokokotoa alama hizo, hutaka angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6, na taarifa mpya iliyoingia ndani ya miezi 6 iliyopita. Wewe una ya kwanza, huna ya pili. Deni baya nalo hubaki miaka 7 tangu lilipoanza kucheleweshwa, basi la kabla ya safari lingekuwa limeshafutika. Ukilikuta bado lipo, lipinge kwa maandishi. Kwa kawaida shirika lenye ripoti lina siku 30 za kuchunguza. Na mdai wa deni la zamani akikupigia simu, usimpe hata dola 10 za kumtuliza kabla hujajua sheria ya jimbo: kuna majimbo ambako malipo hayo madogo hufufua haki yake ya kukushtaki.

Ripoti ni tatu, ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion, na zote hutolewa bure kila wiki AnnualCreditReport.com. Mtandaoni utaulizwa maswali ya kukutambua, kama vile mtaa uliowahi kukaa au mkopo uliowahi kuchukua. Ukiyakosea, usihangaike: tuma fomu kwa posta pamoja na nakala ya kitambulisho na bili yenye anwani yako.

Jina ndilo linalowaponza watu wetu wengi. Una jina lako, la baba na la babu. Benki hii ikiandika yote matatu, ile ikaruka la kati, na kampuni ya simu ikayapindua, mashirika yanaweza kukufanya watu wawili, kila mmoja na nusu ya historia. Andika kila mahali kama ilivyo kwenye kadi yako ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi, na utumie anwani moja.

Sasa kadi. Kadi ya kawaida watakunyima, kwa hiyo omba ya dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200, na kiasi hicho ndicho kinakuwa kikomo chako cha kukopa. Uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi: je, wanaripoti kwa mashirika yote matatu? Je, wana ada ya mwaka? Jibu la kwanza likiwa hapana, ondoka. Usichanganye kadi hii na ile ya kujaza pesa kwanza, wala na kadi ya akaunti yako ya benki. Hizo mbili hata uzitumie miaka 20 hazijengi kitu.

Hapa sikiliza vizuri, maana hata walioishi hapa muda mrefu hukosea. Kadi ina tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kufunga hesabu ya mwezi, na salio la siku hiyo ndilo ambalo benki nyingi huripoti. Ya pili ni ya mwisho wa kulipa, isiyopungua siku 21 baadaye. Ukinunua vitu vya dola 180 na kusubiri tarehe ya pili, hutatozwa riba, lakini ripoti itasema umetumia asilimia 90 ya kikomo, na alama zitashuka ingawa hukukosa kulipa. Lipa siku tatu nne kabla hesabu haijafungwa, bakisha kama dola 10, kisha zimalize hizo kabla ya tarehe ya pili. Ukiteleza mwezi mmoja usilie: salio likishuka, kwa kawaida alama hurudi.

Yule atakayekuambia uache deni mwezi hadi mwezi ulipe riba ili alama zipande, mpuuze. Riba haijengi kitu ila faida ya benki.

Weka malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti yako, ya deni lote. Historia ya malipo ni asilimia 35 ya alama za FICO. Ukichelewa siku mbili utatozwa faini tu. Ukifika siku 30 utaandikwa, na utaishi na maandishi hayo miaka 7.

Mimi nitakuongeza kwenye kadi yangu ya zamani kama mtumiaji. Benki ikiripoti, umri wa akaunti ile utaonekana kwenye faili lako pia. Kadi yenyewe sitakupa, nawe usiiombe: salio likijaa tunaumia wote wawili. Ukitaka nyongeza, vyama vya akiba na mikopo hapa vina mkopo wa kujengea krediti, yaani historia ya mikopo. Wanafungia, tuseme, dola 500, unalipa kidogo kidogo mwaka mzima, kisha wanakukabidhi.

Usiombe kadi tano kwa wiki moja. Kila ombi huacha kumbukumbu kwenye ripoti kwa miaka 2. Mkopo wa gari una nafuu yake: maombi ya ndani ya siku 14 huhesabiwa kama moja, basi tafuta bei zako zote humo. Lakini gari lisubiri miezi 6 ipite. Yale maduka yanayouza gari na kukukopesha wao wenyewe bila kuangalia faili hujilipa kwa riba.

Ukikataliwa bila sababu ya kueleweka, angalia kama faili lako limefungwa kwa usalama, wakopeshaji wapya wasiweze kulitazama. Kulifungua ni bure, na ukiomba mtandaoni au kwa simu lazima shirika lilifungue ndani ya saa moja.

Nambari yako ya Social Security usinitumie kwa WhatsApp. Benki itaihitaji ili nikuongeze, lakini nitaiandika kwenye fomu ukishafika.

Mama yako