Ukipanda Desemba njoo na komwe

Moshi, Pasua
Jumapili usiku

Mwanangu,

Salamu zako kwa mama nimezifikisha, yupo mzima kabisa, ni goti tu linamsumbua akipanda ngazi za kanisani. Huku kwangu shemeji yako na watoto wazima, mvua zimeisha, biashara ya spea inaenda hivyo hivyo tunashukuru Mungu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kijiwe kinaendeleaje nikakujibu kipo, basi, afu nilivyokata nikajisikia vibaya maana lile bao ulilichonga mwenyewe kwa mkono wako, unastahili kuambiwa yote. Kwaiyo leo nimefunga duka mapema, watoto nimewaambia wasinisumbue, nakuandikia.

Bao lako lipo pale pale kwa fundi saa, chini ya mti. Mashimo 32 yote yamezidi kung'aa kwa mikono ya watu. Kulikuwa na ufa kidogo kwenye kimbi ya kulia, pale mwisho wa mstari wa mbele, seremala akaupaka gundi na unga wa mbao, sa hivi huuoni. Meku, yule mzee wetu wa kijiweni, bado anafunga watu. Wiki iliyopita alimfunga dereva wa hiace mkononi, yani jamaa hata zile kete 22 za kunamua, zile za mkononi za mwanzo wa mchezo, hajazimaliza kuingiza, mstari wake wa mbele mweupe, kijiwe kizima kikasimama, muuza kahawa akasahau birika.

Sasa sikiliza kilichotokea. Unamkumbuka yule dogo wa mtaa wa nyuma anayepandisha wageni mlimani? Masika si unajua wageni wanapungua, Aprili nzima alikuwa mtaani hana safari. Kuna wageni walimwachia maboksi matatu ya gemu za mezani, Catan, Pandemic na Scrabble, akayaleta kijiweni kwa moyo mweupe kabisa, akasema jamani tucheze na hizi, Jumamosi mchana tuweke meza pembeni ya bao. Tukakubali. Fundi saa akatoa meza yake ile ndefu.

Tulianza na Catan. Hii ilitungwa na Mjerumani, Klaus Teuber, ikatoka 1995, na nikwambie ukweli ni gemu nzuri sana, mtu asikudanganye. Mnapanga kisiwa kwa vigae 19 vya pembe sita, kila kigae kina kitu chake, mbao, matofali, kondoo, ngano, madini, na kimoja ni jangwa hakitoi kitu. Juu ya vigae kuna namba, mnarusha dadu mbili, namba ikitoka mwenye nyumba pembeni ya hicho kigae anavuna. Dogo akatuelewesha kwamba ukihesabu namna zote dadu mbili zinavyoweza kuanguka ni 36, na 7 peke yake ina namna 6, wakati 2 ina moja tu na 12 moja tu, kwaiyo ukijenga kwenye 12 umekaa na njaa. Na hiyo 7 ikitoka anahamishwa mwizi, afu mwenye karata zaidi ya saba mkononi anarudisha nusu. Anayefika pointi 10 kwanza ameshinda.

Lakini utamu wake wote ni kubadilishana. Hapa ndo alipotokea yule mama anayeuza ndizi Mbuyuni, jirani yake fundi saa, miaka yote anapita pale kijiweni anasalimia tu anaenda zake. Siku hiyo alisimama akaangalia, akauliza hivi hawa kondoo mnauzianaje? Wakamkaribisha akae. Mwanangu, yule mama hakusoma sheria hata moja ila ndani ya nusu saa meza yote ilikuwa inadaiwa naye. Kondoo wawili kwa tofali moja, ukikataa anamgeukia wa pili anampa bei nzuri zaidi wewe ukiwa unasikia, afu anakurudia taratibu anakwambia baba wewe ni mteja wangu wa siku zote, nakuongezea ngano moja. Akashinda. Jumamosi iliyofuata akaja na mdogo wake ambaye ni nesi, na yule binti wa duka la dawa naye akaja. Pale kijiweni, tangu mimi na wewe tuko form two tunachungulia bao, hajawahi kukaa mwanamke kwenye lile benchi. Nilifurahi sana, na nilijiuliza kwa nini siku zote hizo hatukuwahi kumwambia yule mama kaa.

Tatizo likaja Jumamosi ya tatu. Catan wanacheza watu watatu au wanne. Sisi siku ile tulikuwa kama kumi na mmoja. Kwaiyo wanne wanacheza, saba tumesimama saa nzima na nusu. Na kila mtu karata zake anazificha, ndo gemu yenyewe ilivyo, ukizijua za mwenzako biashara imekufa. Sasa meku akasimama nyuma ya dogo kama anavyosimama nyuma ya mtu yeyote akicheza bao, akaona karata, akasema kwa sauti yake ile, "wewe una mbao nne unasubiri nini?" Yani kwenye bao hilo ni neno la kawaida kabisa, anasema kila siku. Rafiki yake dogo mmoja, mgeni hapa mtaani, akageuka akamwambia mzee nyamaza unatuharibia. Mbele za watu. Meku hakujibu kitu. Alichukua kofia yake akaondoka, na wiki mbili hakuonekana.

Iliniuma, kaka. Nilienda kwake mwenyewe na kilo ya sukari, nikakaa naye barazani. Hakuwa na hasira na yule kijana, alisema kitu ambacho nimekifikiria mpaka leo, kwamba yeye hajawahi kuja kijiweni kucheza bao, anakuja kuongea bao.

Tangu hapo nimekuwa nazipima hizi gemu kwa jicho lingine. Watu wanabishana ipi ngumu, ipi ina akili, ipi ina bahati ya dadu. Mimi naangalia aliyesimama. Asiyecheza ana nafasi gani? Bao wanacheza wawili ila kete zote 64 ziko wazi, hakuna kilichofichwa, kwaiyo mtoto wa shule, dereva, fundi, wote wanaona kile kile anachoona mchezaji na kila mtu ana la kusema. Unakumbuka ubishi wa nyumba, lile shimo la kete nyingi? Mtu kete yake imeangukia nyumbani, alale aziache au asafiri, yani azichukue zote aendelee kuzigawa, na watu kumi wanamshauri mambo kumi, nusu wanasema asafiri asafiri, nusu wanasema akisafiri amekwisha. Akifungwa anapisha, mwingine anakaa. Drafti nayo ni hivyo hivyo, vizibo vya soda kumi na viwili huku, kumi na viwili kule, kila kitu mezani, na inakwenda haraka kuliko bao, ingawa mimi naona drafti kelele zake nyingi ni za kukurupushana tu, mtu kaliwa mbili basi vurugu. Sijawahi kuipenda kama bao, unajua.

Ila nisiwe mwongo, bao nalo lina mlango mwembamba. Mgeni akija hakuna anayemfundisha, anaangalia mwaka mzima ndo anathubutu kukaa, na akikosea kutakata, yani kucheza bila kula, anachekwa mpaka anarudi kwao. Yule mama wa ndizi asingeingia kwa mlango wa bao. Kondoo ndo walimwingiza.

Pandemic tulijaribu mara nne hivi. Hiyo ni ya Matt Leacock wa Marekani, ya 2008, mnacheza wote upande mmoja mnapambana na magonjwa manne yanayosambaa duniani, mkipata dawa zote nne mmeshinda wote, mkishindwa mmeshindwa wote. Nesi aliipenda mno. Tulicheza karata zikiwa wazi mezani ili walioko pembeni nao wachangie, na kweli ikachangamka. Ila hii ina ugonjwa wake, anayezijua sheria vizuri anageuka bosi, dogo alikuwa anamwambia kila mtu nenda huku, tibu hapo, mpe yule karata, mpaka binti wa duka la dawa akasema basi cheza peke yako sisi tukushikie dadu, na hiyo gemu haina hata dadu. Tukaiweka pembeni kwa amani.

Iliyobaki ni Scrabble, ile ya kupanga maneno kwa vipande vya herufi, na hapa ndo nilitaka kukufikisha.

Mara ya kwanza tulicheza kwa Kiingereza, ikawa dogo na nesi tu wanashindana, wengine tunatafuta maneno ya herufi tatu. Fundi saa akasema si tuandike Kiswahili? Tukaandika. Mwanangu, ndo tukagundua herufi za lile boksi zimehesabiwa kwa Kiingereza. Vipande vyote ni 100, viwili vitupu vya kusimama badala ya herufi yoyote, afu K ni moja tu! Kiswahili na K moja utaenda wapi? Huwezi kuandika kaka, huwezi kuandika kuku, mpaka utumie kitupu. Ukiandika mimi umemaliza M zote, ukiandika wewe umemaliza W zote. E ziko 12 wakati A, ambayo kwetu ndo kila kitu, ziko 9. Q na X zimekaa zinakutazama, zina pointi nyingi na huna pa kuzipeleka.

Nikaenda dukani nikachukua karatasi za bei zile za kubandika, Q na X tukazibandika zikawa K, E tatu tukazigeuza A, na K tukaishusha kutoka pointi 5 mpaka 2 maana sio adimu tena. Siku ile ile nikaenda kumchukua meku. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi miaka mingi kabla hajastaafu, nikamwambia mwalimu tuna kesi za maneno na hatuna hakimu. Akaja na kamusi yake iliyotoka jalada, kaifunga kamba.

Sasa njoo uone kesi. Mtu kaandika PIKA. Anayefuata anaweka NA mbele, NAPIKA. Mwingine anaweka A, ANAPIKA. Yule mama wa ndizi anatulia, anachomoa W yake moja anaweka mwanzoni, WANAPIKA, tunahesabu anapata pointi 14 kwa herufi moja! Dogo akapiga kelele hilo sio neno ni sentensi. Mama anasema kwani halisemwi? Kijiwe chote kikaingia, mpaka waliokuwa kwenye bao wakageuza shingo, muuza kahawa anatetea WANAPIKA kama vile amelipa yeye. Meku akakaa kimya muda mrefu, afu akaamua kitenzi kitakubalika na viambishi vyake ila kikishaongezwa mara moja kimefungwa, hakiongezwi tena. Hiyo ndo sheria yetu mpaka leo, na naona ni ya haki, ingawa mama bado anainung'unikia.

Umeona lakini? Herufi za mkononi zimefichwa, sawa, ila neno likishawekwa mezani ni la wote, na Kiswahili kila mtu anacho. Hakuna aliyesimama bure. Yule kijana aliyemwambia meku anyamaze sa hivi ndo anamfungulia kamusi, alimwomba radhi mwenyewe bila kusukumwa na mtu, na meku ameanza kumfundisha bao jioni jioni, anamwelekeza kabisa namna ya kulinda nyumba, kitu ambacho sisi hakutufanyia.

Jumamosi iliyopita sasa. Nesi kaweka KOMWE. Dogo akakataa, anasema hilo neno halipo, na wenzake wote wa umri wake hawalijui, wamezaliwa huku wanaona kete tu zinaitwa kete. Tukamwangalia meku afungue kamusi. Hakufungua. Alinyanyuka, akaenda kwenye bao lako, akachukua kete moja ya kijivu kutoka kwenye nyumba ya watu walioko katikati ya mchezo, akarudi akaiweka mezani juu ya lile neno. Hakusema kitu. Dogo akaichukua akaigeuza geuza mkononi kama hajawahi kuishika, na ameishika mara mia.

Na ndo tulipozihesabu. Zile komwe, mbegu tunazochezea bao, ulizoleta zamani zimebaki 51, zilizobaki 13 ni kokoto tulizojazia, watoto wanazibeba na nyingine zimepotelea mtaroni. Meku hasemi, ila mkono wake ukifika kwenye kokoto unasita. Huku juu hazipatikani, na wewe uko Tanga huko pwani zinakoota. Ukipanda Desemba tubebee, 13 zinatosha ila fanya 20 za akiba, zisiwe ndogo sana, na kama utaona zinalingana rangi na zile za mwanzo ndo vizuri zaidi. Nauli ya mzigo nitatuma mimi.

Shemeji yako anasema ukija usipitilize mlimani bila kulala hapa.

Mwenzio,
wa duka la spea