Maji ya Mzee

Mama Salma mpenzi,

Salaam nyingi, na shikamoo zangu uwafikishie wazee. Huku hatujambo. Mengine nitakuandikia siku nyingine, maana hili limeninyima usingizi.

Mwajuma kanipa habari kwamba Mzee, baada ya ule upasuaji wa koo, ametolewa mpira wa kulishia wa puani na ameanza kula. Alhamdulillahi! Lakini akasema pia wageni wanaokuja kumjulia hali wanampa maji, eti koo lisikauke. Mama Salma, wazuie. Cha kuogopa ni maji, si uji. Mtu aliyekatwa sehemu ya koo, njia yake ya hewa haifungi barabara anapomeza. Maji yana mbio, yanateleza hadi mapafuni kabla misuli haijawahi kuziba. Kitu kizito kidogo huenda polepole. Baba Amina, naye alipopasuliwa koo, alianzia uji uliochujwa, mtindi, na mtori uliosagwa mpaka hauna punje. Wali na supu ya vipande vilingoja sana, na akinusa pilau ya jirani alikuwa ananuna kutwa. Mzee akilalamika kiu, mloweshe midomo kwa kitambaa safi mpaka daktari aruhusu.

Ila kama ametolewa kisanduku cha sauti chote na anapumulia tundu la shingoni, mambo ni mengine: chakula na hewa vimeshaachana njia, hofu ni mshono wa ndani kuvuja. Ndiyo maana wengine humezeshwa dawa inayoonekana kwenye picha na kupigwa eksirei kwanza, ionekane kama mshono unavuja. Muulize daktari kafanyiwa upasuaji upi, usikubali kujibiwa juu juu.

Akila akae kitini wima, si kuegemea mito. Kijiko kidogo kimoja cha chakula, ameze, ameze tena, ndipo kingine. Asisemeshwe! Namjua Mzee na hadithi zake... Akimaliza asilale kwa nusu saa hivi, na kinywa kisafishwe, maana uchafu wa mdomoni ukishuka mapafuni huleta nimonia.

Na hayo maji, narudia: asipokohoa, usiseme yamepita salama. Kwa wengine huingia kimyakimya. Ukiona homa, sauti yenye majimaji, au pumzi nzito baada ya kula, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa anamezaje, vidonge vizima? Uzito umepungua? Mmepangiwa mtaalamu wa kumfundisha kumeza, au mmerudishwa nyumbani hivi hivi? Na wewe unakula? Usiku nani anakupokea? Nikija Jumamosi nikae naye, wewe ukalale, utakubali?

Wako,
Mama Amina