Hesabu ya chupa tatu: barua kwa mwanangu aliyeko bweni

Msamvu, Morogoro
Jumapili usiku

Baba yangu mpenzi,

Pole na masomo. Hapa nyumbani hatujambo. Wadogo zako wanakupa shikamoo, na bibi yako kasema nikuandikie kwa herufi kubwa kwamba ULE. Nimemtii.

Patroni alipopiga simu Alhamisi ya juma lililopita nilikuwa namhesabia mteja chenji, na mpaka leo sijui nilimpa shilingi ngapi. Kasema umeanguka mstarini asubuhi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na mwenyewe unasema ni malaria. Zahanati wakapima, malaria hakuna. Daktari akakuuliza jana yake ulikunywa nini, ukanyamaza. Akajibu mwenzako wa kitanda cha juu: chupa tatu za energy, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, na kahawa ya kipakiti iliyokorogwa kwa maji ya bomba. Najua huko bweni sasa mnamwita msaliti. Mimi siku nikimtia machoni nitampikia pilau.

Sikuandikii kukugombeza. Ya kugombeza niliyamaliza njiani kwenda na kurudi, peke yangu, watu wa kwenye basi wananiangalia. Ila pale zahanati ulikuwa umechoka na patroni amesimama mlangoni, sikupata nafasi ya kuongea na wewe kama mtu na mwanawe.

Unajua kuliko mtu yeyote kwamba energy zinatulisha, na wewe zimekusomesha. Kwenye friji yetu, ukiacha maji, hakuna kinachotoka haraka kama zile chupa. Madereva wa malori ya Dodoma na Iringa, makondakta, vijana wa boda wa kijiweni, wote hao. Miaka yote nimezipanga mstari wa mbele, lebo inaangalia barabarani, na sikuwahi kusoma maandishi ya nyuma. Juzi nimeazima miwani ya bibi yako nikasoma. Yamebanwa madogo kama mayai ya chawa, lakini yapo: haifai kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Kasema mtengenezaji mwenyewe, si mimi.

Sasa tupige hesabu, maana kwenye hesabu mimi na wewe hatujawahi kugombana. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina kafeini, kile kinachofukuza usingizi, miligramu 80. Yale marefu ya Monster ni kama 160. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba kijana wa umri wako asizidishe miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Zahanati walikupima kilo 52. Tatu mara hamsini na mbili, 156. Chupa zako tatu, tukichukulia kila moja ni sawa na kopo lile dogo, zinafika 240, na kahawa sijaiweka. Ukiiweka, mgawo wa karibu siku mbili umeumaliza usiku mmoja, tena kwa pupa, tena na wali wa bweni haujashuka vizuri.

Utaniambia, mama, na chai je? Kikombe cha chai ya rangi kina kama 50, kweli. Lakini chai ni ya moto, unaipuliza, unashushia muhogo, mpaka ulione tako la kikombe umeshapiga soga na nyumba nzima. Energy inamezwa kwa mafunda matatu.

Sukari sitaisema sana. Kopo lile dogo lina gramu 27, vijiko vya chai karibu saba, wakati Shirika la Afya Duniani linapenda mtu mzima abaki chini ya 25 hivi kwa siku nzima. Bibi yako anajichoma insulini kila asubuhi mbele yako, huhitaji semina.

Ninachotaka ukielewe ni namna hiki kitu kinavyofanya kazi, maana jina lake lenyewe ni la uongo. Daktari alinieleza hivi. Tangu ukiamka, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, kidogo kidogo, kutwa nzima. Kikijaa ndipo usingizi unapokuja. Kafeini inakwenda kukalia kiti cha adenosini. Haiifukuzi, inaizuia isikae tu. Adenosini inaendelea kurundikana pale nje, na kafeini ikinyanyuka, yote inaingia kwa mkupuo. Nikamwambia, daktari, hii naijua, hii ni kausha damu. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Unaukumbuka mwaka ule nilipochukua mkopo wa kujaza duka, tukawa tunalipa kila jioni, mpaka wakaja kubeba friji ya kwanza? Siku nilipozipokea zile pesa nilijiona tajiri, nikakununulia viatu. Na huo uchangamfu wako wa saa sita usiku ndivyo ulivyo.

Tena inachelewa kutoka mwilini. Nusu yake inaisha baada ya kama saa tano. Ukiinywa saa nne usiku mkitoka prepo, ikifika saa tisa, nusu yake bado inazunguka kwenye damu, kwa hiyo hata ukipanda kitandani unagaagaa. Na yale uliyosoma, ubongo huyapanga ukiwa usingizini. Ule mtihani wa moko wa fizikia, ulioniambia “mama nilikuwa nayajua yote, nikakaa kwenye dawati yakapotea”, naanza kuona yalikopotelea. Na kile kichwa chako cha kila Jumapili, ulichoniandikia kwenye barua mbili, nacho nimekielewa. Jumamosi hamkeshi, hunywi, na mwili uliozoea kafeini ukiikosa, kichwa kinagonga. Mimi nikakutumia Panadol.

Daktari alinisimulia pia kisa cha Marekani. Aprili 2017, jimbo la South Carolina, mvulana wa miaka 16, mzima wa afya. Katika muda wa kama saa mbili alikunywa kahawa ya maziwa, soda kubwa na energy, akaanguka darasani, akafa. Mchunguzi wa vifo akasema kafeini ndiyo iliyouvuruga mwendo wa moyo. Umri wako, baba. Nilirudi nacho kile kisa mpaka nyumbani. Lakini nitasema ukweli: nauza katoni kwa katoni na sijazika mteja kwa ajili ya energy. Wengi wanakunywa, wanazeeka. Ila wapo wenye hitilafu ya moyo ambayo hata wenyewe hawaijui, na mimi dukani sina kipimo cha kumjua nani ni nani. Kwa hiyo Desemba tutakwenda hospitali wakupime, kile kipimo cha kubandika waya kifuani. Usianze kubisha kuanzia sasa.

Nimefanya na kingine. Nimesoma kwenye simu kwamba Lituania walikataza tangu Novemba 2014 kumuuzia energy aliye chini ya miaka 18, na Polandi wakakataza Januari 2024. Msamvu nimekataza mimi, Jumatatu. Mwenye sare ya shule haondoki na energy dukani kwangu. Siku hiyo hiyo kaja mtoto wa darasa la sita: “Nimetumwa na kaka.” Nikamwambia kaka aje mwenyewe. Kaka hakuja, mtoto kavuka barabara kaenda duka la jirani, nikamwona anatoka nazo mbili. Watu wazima nawauzia bado, sitakudanganya, mwenye fremu anataka kodi yake. Ila nimezishusha kule chini, maji yamepanda juu. Wa boda wanalalamika inabidi wainame.

Sasa Novemba hiyo inakuja, na mtihani wako. Wanasema kijana wa umri wako apate usingizi wa saa nane mpaka kumi kila usiku; kwa kengele yenu ya saa kumi na moja alfajiri najua haiwezekani. Lala saa nne. Usingizi wa saa saba si haba. Desa litakalobaki, lisome mchana wenzako wakiwa wanapiga soga nyuma ya jiko. Ukiacha hizo chupa, siku chache za mwanzo kichwa kitakuuma na utakuwa na hasira hasira. Usirudi kwenye chupa kukituliza, kunywa maji uvumilie. Na ukisikia tena moyo unakimbia au kifua kinabana, mgongee patroni saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Usiseme malaria.

Kwenye furushi kuna karanga, ubuyu, na sabuni. Pilipili ya ndimu ni ya mwenzako wa kitanda cha juu, mpe.

La mwisho. Mwezi wa saba ulipoondoka kurudi shule, katoni moja ilipungua dukani. Unajua nilifanya nini? Nilimkata dada wa dukani kwenye mshahara. Alilia, akaapa kwa jina la mama yake, mimi nikamwambia machozi hayajazi stoo. Sasa patroni amefungua tranka lako, na chini ya mashuka niliyokukunjia kwa mikono yangu amekuta chupa nne zilizobaki. Yule dada pesa yake nimemrudishia, na radhi nimemwomba, mbele ya bibi yako ili iwe na shahidi. Hakunijibu kitu. Alichukua ufagio akaendelea kufagia kibaraza, na kilikuwa tayari kimeshafagiliwa.

Kwa upande wangu nimemaliza. Yeye hatoki dukani kabla ya saa mbili usiku, na ukimaliza mtihani basi lako litakushusha hapa hapa Msamvu.

Mama yako