Mshahara wa kijana huisha kabla haujaingia

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi vijana walioajiriwa hapa Nairobi hulaumiwa kwamba hawana nidhamu ya pesa. Sisi tunaoandaa mishahara tunaona chanzo kingine. Tabia zao hujengeka katika miezi ya kwanza ya kazi, kabla ya mtu yeyote kuwafafanulia makato.

Chukua mshahara wa Sh60,000 kwenye barua ya ajira. Kwa viwango vya 2025, NSSF (akiba ya uzeeni) huchukua Sh3,600, SHIF (bima ya afya) Sh1,650, ushuru wa nyumba Sh900 na PAYE (kodi ya mapato) takriban Sh8,540. Zinabaki takriban Sh45,300, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, bado haijadai chake. Anayedaiwa na asilipe hupigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Lakini nyumba ya mtaani Roysambu ilikodishwa kwa kuhesabu 60,000.

Pengo hilo huzibwa kwa mikopo ya simu. M-Shwari, mkopo unaopatikana kupitia M-Pesa, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, mbali na ushuru. Anayerudia mkopo uleule kila mwezi, baada ya mwaka amelipa ada ya asilimia 90, ilhali Sacco (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio likipungua, nayo hujilipa kutoka kwa pesa yoyote inayoingia, hata mchango wa matanga uliotumiwa ili uuhifadhi tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamzuia mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, ila mikopo ya simu haipitii kwenye slipu ya mshahara, kwa hivyo kinga hiyo haiifikii.

Tunawasihi vijana: msilipe deposit ya nyumba kabla ya kuona slipu ya kwanza. Mwezi huohuo jazeni fomu ya Sacco ili akiba ikatwe kazini, pesa isifike benki kwanza. Sh3,000 zatosha kuanzia. Wanaoanza na 10,000 ndio tunaowaona wakikopa kwa simu kufikia tarehe 15, kwa sababu akiba ya Sacco haitolewi mpaka mtu ajitoe uanachama. Pesa ya dharura basi ikae kando, kwenye hazina ya soko la fedha (money market fund), ambako hutoka baada ya siku chache. Ya kutuma nyumbani nayo ipewe kiasi na tarehe, na wazazi waambiwe mapema.

Waajiri nao waandike kwenye barua ya ajira mshahara wa mkononi kando ya ule wa jumla. Programu ya mishahara tayari inaikokotoa hesabu hiyo.

Wahasibu wa mishahara,
Upper Hill, Nairobi